Babu Alipoitwa Mama Kwenye Maonyesho

Siku mwalimu wangu wa kuchora alipommwagia babu yangu sifa za mama mzazi, mimi nilikuwepo. Na sikumsahihisha.

Jamani, mimi naogopa watu. Hata muuza duka namsalimia nikiangalia viatu vyake.

Hapa Daegu, Korea, kila bibi ana nywele fupi za mawimbi. Sasa saluni ya mtaani ikatoa ofa: njoo na mwenzako, wa pili bure. Bibi akamburuta babu.

Babu akarudi kichwa kama koliflawa.

Wiki hiyo natafuta mtu wa kuchora. Mama alishasema: "Sol-bi, picha yako isipochaguliwa kwenda maonyesho ya wilaya, kuchora basi. Tuisheni ya hesabu inakusubiri."

Nikamchora babu sebuleni akimenya vitunguu saumu vya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachua, amevaa suruali ya maua kama ya bibi. Eti inapitisha hewa.

Mwalimu Pyo ana sheria moja: mwanamke achorwe kwa penseli laini, mwanaume kwa penseli ngumu. Mimi nilishika iliyokuwa karibu.

Akaiinua picha darasani. "Mwoneni mama huyu! Mikono hii imelea! Mwanaume ataitoa wapi?"

Ikachaguliwa. Akaibandika jina: "Mikono ya Mama."

Mimi macho kwenye viatu vyake.

Siku ya maonyesho babu akatinga na suti, koliflawa juu. Akaganda mbele ya picha.

"We! Si mimi huyu?"

Mwalimu Pyo akamtazama babu, akatazama picha, akamrudia babu.

"Ee... ukiangalia vizuri, mikono ina nguvu za kiume. Nilikuwa nawapima tu."

"Nguvu za nani?" Bibi huyo, anapenya watu. "Mzee, ulimenya vitatu ukaenda kulala! Nikakaa mimi nikamalizia. Pete hiyo ya nani?"

Nikasogea. Lahaula! Pete ya bibi, na nimeichora mwenyewe! Uso nilishaumaliza, macho yakabaki kwenye vidole tu.

"Na wewe," bibi akanigeukia, "saa nzima hukuinua macho unione?"

Uso wa babu, mikono ya bibi.

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Fomu ya tuisheni aliyokuja nayo mkobani akajifutia machozi.

Mwalimu Pyo akafuta jina, kalamu ikabaki hewani.

"Andika 'Vitunguu Saumu'," babu akamwambia.

Funzo: kabla hujaamua mtu achorwe kike au kiume, mwangalie kwanza.

Kesho namsalimia muuza duka usoni. Nikiweza.