Aliyemwombea Mtu wa Chiola

Siku niliyobatizwa nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mjomba wangu alisimama nje ya mlango wa kanisa na kofia yake ya kiua, kapu la mchele miguuni. Alikuwa Mwislamu, mtoto wa Mwislamu. Alinilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki, na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyenipeleka shule ya misheni, kwa sababu pale Nandagala hapakuwa na shule nyingine ya karibu. Wenzake msikitini walimwonya kwamba watu wa misheni watanigeuza. Aliwajibu, "Akigeuka atakuwa bado mpwa wangu." Nami niligeuka, naye hakubadilisha neno. Ule mchele ulikuwa wa karamu yangu.

Nilimlipa vibaya. Nilipofanywa mwalimu wa dini nilikuwa kijana mwenye ukali mwingi na akili kidogo. Mwaka mmoja mjomba alisoma maulidi nyumbani kwake, akaniita nile. Nilikwenda na wanafunzi wangu wawili wa ubatizo, na sahani ilipowekwa mbele yangu nikaisukuma. Nikasema kwa sauti, wageni wote wasikie, "Siwezi kula chakula cha ibada isiyo yangu."

Mjomba akachukua kawa, akaifunika ile sahani taratibu. "Haya, mpwa wangu. Utakula kesho. Kiporo hakina dini."

Watu wakacheka, lakini si kwa ubaya. Mimi niliondoka nimevimba. Jumapili iliyofuata nilisimulia jambo lile kanisani kama mfano wa kusimama imara katika imani. Sikusema kwamba aliyenialika ndiye aliyenilea.

Kisha wakaja watu wa karanga, Wazungu wa mradi wa kulima karanga kwa mashine. Msitu wa Nachingwea ulianza kulala chini, ekari kwa ekari, matingatinga yakinguruma tangu alfajiri. Mji ukaota mahali palipokuwa na nguruwe mwitu. Walikuja Wahehe, Wabena, Wanyasa, Wamakonde, Wayao, na makarani kutoka Tanga na Dar es Salaam waliovaa soksi ndefu. Padre aliniita, akaniambia, "Wakristo wengi wamekwenda kule na hawana mtu. Nenda ukaombe kazi. Siku za juma uwe karani, Jumapili uwakusanye."

Nilikwenda kwa miguu, moyo umejaa. Nilidhani nakwenda kuwafundisha watu wasiojua. Nilikuta watu wanaojua, ambao wameacha.

Jambo lililonishinda kwanza ni Wazungu. Sisi tulikua tukiamini kwamba kila Mzungu ni mtu wa kanisani, kwa kuwa tuliowaona walikuwa mapadre na masista. Wa Nachingwea walilala Jumapili mpaka jua kali, wakaamka kucheza mpira. Dereva mmoja, Myao, Mwislamu mwenye adabu sana, aliniuliza siku moja, "Mwalimu, samahani, hawa si ndio wenye dini yenu? Mbona hawasali?" Hakuwa akinidhihaki, alitaka kujua kweli. Nikamwambia kwamba wana kazi nyingi.

Jumapili za mwanzo tulisali chini ya turubai nyuma ya stoo. Walikuja watu kiasi. Mmoja alikuwa mkata miti kutoka Chiola, mtu mfupi mwenye mikono mipana, asiyejua kusoma. Alikaa mbele kabisa na kuimba kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo. Sauti yake iliniudhi. Lakini hakukosa hata mara moja, ilhali wengine walianza kupungua: huyu kazi ya ziada, huyu kilabu cha pombe, huyu sinema.

Mimi mwenyewe nilianza kupungua. Karani niliyekaa naye meza moja alikuwa amesoma misheni kunishinda, akijua na Kilatini kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akicheka tu. Nikinong'ona sala kabla ya kula, yeye huinua uma wake akangoja, uso umejaa heshima ya mzaha, mpaka nimalize. Baada ya miezi kadhaa niliacha kunong'ona. Ile medali yangu ya shingoni niliihamishia mfukoni.

Asubuhi moja Mzungu wa stoo alisimama mezani kwetu, akaniuliza, "Wewe ni mtu wa misheni, sivyo?"

Karani mwenzangu aliinua macho.

"Hapana, bwana," nikasema. "Nilisoma tu huko."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Huenda alitaka tu kujua nani anaweza kumwandikia barua padre. Sitajua. Tangu siku ile turubai halikufunguliwa tena. Yule mtu wa Chiola alinifuata mara mbili tatu dirishani. "Mwalimu, Jumapili hii vipi?" Nikamjibu nina kazi ofisini. Akasema, "Basi wiki ijayo," akaondoka akiwa ameridhika.

Mjomba alikuja Nachingwea wakati wa kiangazi, kwa kuwa miezi ilikuwa imepita bila salamu zangu. Alibeba unga wa muhogo na mbaazi kavu kwenye kikapu. Nilimkalisha kwenye kreti nje ya stoo, nikarudi mezani. Niliona haya, kanzu yake ilikuwa imeshonwa viraka na makarani walikuwa wakipita.

Alasiri hiyo ikasikika kelele. Gogo lililokuwa limelala kwenye mteremko lilikuwa limebiringika na kumkuta mtu. Walimleta kwenye machela ya magunia, wakamlaza katika chumba cha dawa kilichopakana na stoo yetu. Alikuwa mtu wa Chiola. Daktari alikuwa kambi nyingine, na msaidizi wake alifanya alichoweza, kisha akatoka akipangusa mikono. Tulikuwa tumejaa barazani: wakata miti, madereva, makarani, na yule Mzungu, kofia mkononi.

Kutoka ndani ikaja sauti, "Mwalimu yupo? Niitieni mwalimu."

"Mwalimu gani?" karani mwenzangu akauliza. Aliuliza kwa dhati, kwa kuwa yeye alinijua kama karani. Nilikuwa nimesimama na kalamu sikioni. Wakata miti waliokuwa wakisali nami waligeuka kunitazama. Nami nikatazama ukutani.

Mjomba alinisogelea. "Unaitwa."

"Sina kitabu, mjomba."

"Kitabu?"

"Cha sala. Nimekiacha."

Alinitazama. Sikuwahi kumwona akinitazama vile, hata siku ya ile sahani. Kisha akavua makubazi yake pale mlangoni, kama anayeingia msikitini, akaingia. Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Alichuchumaa, akaushika ule mkono mpana.

"Mwalimu," akasema yule mtu. Nadhani macho yake yalikuwa hayaoni tena vizuri.

"Nipo," akajibu mjomba.

Akaanza Baba Yetu. Akaisema kwa lafudhi yake ya Kimwera, neno kwa neno, bila haraka. Aliijua kwa sababu nilipokuwa mtoto niliikariri nyumbani kwake kila jioni kwa kelele, nikiogopa fimbo ya mwalimu. Na alipofika mahali fulani aliruka mstari, uleule niliokuwa nikiuruka mimi wakati ule. Kisha midomo yake ikaendelea kutikisika bila sauti. Nadhani alimsomea na ya kwake. Yule mtu akamnong'oneza kitu, mjomba akainamisha sikio. Kabla ya jua kushuka alikuwa amefariki, na ni mjomba aliyemfumba macho.

Alipokuwa akiniaga njiani alianza kunieleza jambo. Makarani walikuwa wamesimama karibu, nami nilitaka aende. "Sawa, mjomba, sawa, nimesikia," nikasema. Sikusikia hata neno.

Waliokuwa nyuma kule barazani hawakuona nani aliyeingia. Walisikia tu, "Mwalimu," na, "Nipo." Habari ikaenea kwamba mwalimu alimwombea mtu wa Chiola mpaka pumzi ya mwisho. Wiki mbili baadaye mjane wake alikuja na mtoto mgongoni, akapiga goti mbele ya stoo, akaniwekea kuku mikononi.

"Mwalimu, asante. Sikuwepo, lakini wewe ulikuwepo."

"Ni kazi yetu, mama," nikasema.

Nilimla kuku yule. Nilimla pamoja na karani mwenzangu, naye akamsifu kwa unono.

Habari ikamfikia padre, naye akaisimulia kanisani kwa fahari. Karanga zilipowashinda Wazungu wenyewe na watu wakatawanyika, nilipewa kituo kizuri upande wa Nanganga, nyumba ya bati na kengele, kwa sababu mwalimu aliyesimama imara Nachingwea alistahili. Mjomba aliisikia hadithi ile sokoni kama wengine. Niliambiwa kwamba alisema tu, "Alhamdulillahi, aliombewa."

Nilikaa na jambo hilo miaka kadhaa. Nilifundisha vizuri, au niseme nilifundisha kwa sauti ya chini zaidi. Hatimaye binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake Nanganga, alijiunga na darasa langu la kipaimara. Siku moja wenzake walipotoka alibaki.

"Mwalimu, baba alisema nini mwisho?"

Uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli. "Alikutaja wewe," nikasema.

Binti yule alifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha. Nilipomwona vile nilihisi kama nimeiba kitu kwenye kaburi. Kesho yake nilifunga darasa, nikashika njia ya Nandagala.

Nilimkuta mjomba akipepeta ufuta uani. Alikuwa amezeeka. Nilikaa chini kwenye vumbi na nguo zangu nyeupe, nikamwuliza, "Yule mtu wa Nachingwea alikunong'oneza nini?"

Mjomba akaacha ungo. "Si nilikupa ujumbe? Pale njiani?"

"Sikukusikiliza, mjomba."

Akasema, "Alisema mikorosho ya bondeni ni ya mkewe. Aliipanda na yeye, si na ndugu zake. Asikubali kunyang'anywa. Hilo tu. Nilikwambia umfikishie, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kwao." Kisha akauchukua tena ungo. "Kumbe hukumfikishia."

Chiola nilifika siku ya pili. Mjane alikuwa akimenya muhogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa maana nikikaa ningepunguza: ile kalamu sikioni, kitabu nilichosingizia, mjomba, ujumbe. Nilimwambia na neno nililomdanganya bintiye.

Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Mikorosho hiyo shemeji yangu aliichukua mwaka uleule. Alisema ndugu yake alimwachia. Nilimpa mimi mwenyewe. Ningejuaje?"

"Nisamehe, mama."

"Na kuku wangu ukamla."

"Nilimla."

Hapo ndipo aliponitazama. "Huyo mzee anakaa wapi?"

Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Alikwenda Nandagala na bintiye, nami sikujua walichozungumza. Ninachojua ni kwamba baada ya mavuno mjomba alitembea mpaka Chiola na fimbo yake, akakaa mbele ya wazee wa pale, Waislamu kwa Wakristo, akatoa ushahidi wa maneno ya marehemu. Shemeji alibisha: vipi mtu wa dini nyingine, asiye ndugu, ajue siri ya marehemu? Mjomba akamjibu, "Mimi ndiye niliyekuwa karibu." Wazee waliamua mikorosho irudi, isipokuwa safu moja iliyopandwa na shemeji baadaye. Nilikuwa nimekaa pembeni tangu asubuhi. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala hakukuwa na cha kuniuliza.

Binti hakurudi darasani kwangu. Alipata kipaimara chake kwa mwalimu mwingine.

Nilimweleza padre. Akasema niwaambie watu mwenyewe. Jumapili ile nilisimama mbele na kuyasema yote mbele ya kanisa lililojaa, na mjomba nilimtaja kwa udugu wetu na dini yake. Baadhi walikasirika kwamba Mwislamu amesifiwa altareni. Wengine walinikasirikia mimi, nao ndio waliokuwa na haki. Padre alinivua kituo cha Nanganga, akanirudisha kuwa msaidizi katika kijiji kidogo, nifundishe watoto kuandika. Nikaenda.

Mjomba alifariki baada ya hapo. Mazishini nilisimama na wanaume wa kwetu, nikashika jembe nilipopewa, na waliposoma duwa nikainamisha kichwa. Walipoleta chakula nilikula. Mtu mmoja alinitazama kwa mshangao, nadhani akikumbuka ile sahani ya maulidi.

Ila hadithi ya kwanza haikufa. Mpaka sasa nikifika parokia ngeni hutokea mzee akanishika mkono, akawaambia vijana, "Huyu ndiye aliyemwombea yule mtu wa Nachingwea." Nami husema hapana, aliyemwombea ni mjomba wangu, Mwislamu wa Nandagala, mimi nilikuwa barazani na nilikana. Mara nyingi wao hutabasamu na kuambizana, "Mnaona unyenyekevu wa wazee?" Nami hurudia tena, polepole, kama ninavyowafundisha watoto herufi. Wapo wanaoelewa, nao huachia mkono wangu.