Mwalimu Kipchumba Hakuwa na Bunduki

Zilpah alifanya kazi Hockley, mjini Birmingham, kwenye ghorofa iliyo juu ya karakana ya sonara. Yeye na wenzake wachache walifuatilia mapigano na mauaji ya kisiasa barani Afrika. Walisoma magazeti na kusikiliza redio za huko, kisha wakaingiza kwenye kompyuta nani kamshambulia nani, wapi, na wangapi wamekufa. Alikuwa ameizoea kazi hiyo. Aliweza kuandika "raia watatu" halafu akainuka kwenda kuchemsha chai.

Asubuhi moja ya Machi ikaingia habari ya Chesirwo, kijiji cha kwao katika Bonde la Ufa, Kenya. Wezi wa mifugo wamevamia. Jambazi mmoja kauawa. Akampigia kaka yake, Kipchumba, mwalimu wa pale. Simu haikupokelewa. Akampigia mama.

"Wametuulia Kipchumba, mwanangu," mama akasema. "Alikuwa akiwatoa watoto darasani."

"Mama, huku imeandikwa aliyekufa ni jambazi."

"Jambazi wa chaki?"

Msimamizi wake, Leena, ambaye wazazi wake walihamia Uingereza kutoka Kisumu, alimkumbatia wakalia pamoja. Lakini Zilpah alipomwomba arekebishe habari ile, Leena akakataa.

"Pole, dada. Sheria unaijua. Neno la jamaa wa marehemu halitoshi mpaka litangazwe redioni au gazetini."

"Naijua. Wafanyakazi wapya wote hapa niliwafundisha mimi."

Basi akamwomba mama, matanga hata hayajaisha, azungumze na redio ya lugha yao. Mama akakubali, na mazungumzo yakatangazwa. Hakuna mwingine pale ofisini aliyeijua lugha hiyo, kwa hiyo ilimbidi Zilpah atafsiri mwenyewe, huku Leena akiandika. Alijikaza vizuri, hadi mama alipoacha kueleza na kuanza kumwita Kipchumba kwa jina lake la utotoni.

"Anasema nini?" Leena akauliza.

"Anamwita aje ale. Anamwambia chakula kinapoa."

Leena akaweka kalamu chini.

Jioni hiyo "jambazi" likafutwa, pakaandikwa "raia mmoja". Zilpah akalisoma, akavaa koti, akashuka. Kituoni mabasi ya kwenda Saltley, alikoishi, yalipita moja baada ya jingine, naye hakuinua mkono.