Tokeni Moja, Mawakala Wawili

Miza ni mutu mpole, na upole wake umenitia hasira miaka kumi sasa. Mi ni Tajudini, fundi wa pikipiki. Gereji yangu imepakana na duka la dawa la Mzee Khaled, baba mdogo wa Miza, hapa mtaa wa Asiatique. Baba yake Miza alipofariki, binti aliacha chuo mwaka wa pili, akasimama nyuma ya kaunta ya Khaled, na mambo ya kompyuta akajifundisha mwenyewe. Siku hizi ana wakala wa akili mnemba anayeagiza dawa, kujaza vibali na kufuatilia mizigo.

Wakala huyo haingii kwenye mfumo wa wasafirishaji bila tokeni. Miza alinieleza hivi: tokeni ni tiketi inayokufa kila saa moja. Pamoja nayo kuna nyingine ya kuhuishia. Wakala anaitoa hiyo, anapewa zote mbili mpya, na ya zamani haifai tena. Mutu akirudi na ya zamani, mfumo unasema huyu mwizi, unafunga akaunti nzima.

Sasa waone ndugu hawa. Ufunguo wa duka wanao watu watano, wa nyumba sijui wangapi. Kwao, kumunyima ndugu ufunguo ni tusi. Basi Ijumaa moja asubuhi Anouar, mtoto wa Khaled mwenye duka lake la dawa mtaa wa Kibenga, akaomba wakala wake naye apitie akaunti ileile. Khaled akasema, "Mupe." Miza alijua haifai. Akampa nakala ya tokeni ya kuhuishia.

Anouar hakuitumia mpaka saa sita mchana. Kufikia hapo wakala wa Miza alikuwa ameshahuisha mara tatu. Wakala wa Anouar akapeleka ile ya asubuhi, na mfumo ukawafungia wote wawili.

Mi nilikuwa nimeshatawadha, nimechelewa Ijumaa, Miza akanishika mkono wa kanzu. Hajawahi kunigusa maishani.

"Fundi, insulini imefika uwanja wa ndege na barafu yake inaisha leo. Kibali kisipoingia kabla ya saa saba, forodha wanafunga mpaka Jumatatu. Mama amebakiza sindano ya leo tu."

"Sasa mi nifanye nini?"

"Kuingia upya kunataka kode, na kode inakwenda kwenye simu ya baba mdogo. Ameizima, yuko msikitini, safu ya mbele. Kode inaishi dakika kumi. Nimeshaiomba."

"Umeiomba kabla ya kuniuliza?"

"Nilijua utakwenda."

Nilikwenda, nanung'unika njia nzima. Khatibu alikuwa juu ya mimbari, na wakati wa hotuba hakuna kuongea. Niliandika kwenye kiganja, nikimtaja mama yake Miza kwa jina: WASHA SIMU. INSULINI YA TAHANI. Nikapita katikati ya mabega ya watu, jambo ambalo mi mwenyewe nimewahi kumugombeza mutu kwa sababu yake. Wazee walinikata jicho. Khaled akasoma kiganja, akaniangalia, akasoma tena.

Simu yake ni ya zamani. Ilichukua muda kuwaka, halafu ikapiga muziki wake wote. Khatibu alisita. Nilitamani ardhi ipasuke. Kode ilipoingia, Khaled alinielekezea kioo bila kufungua mdomo, nikaiandika kwenye kiganja cha pili, nikatoka mbio mikono wazi, jasho linaifuta, huku naisoma kwa sauti barabarani mithili ya kichaa.

Miza aliichapa. Tokeni mpya ikatoka. Kibali kikaondoka saa saba kasoro dakika nne. Tulikodolea kioo macho mpaka likaja neno "kimepokelewa". Akakaa chini sakafuni, akalia.

Saa kumi sanduku lilifika, bado la baridi. Bi Tahani, mama yake, akaja kuchukua dawa yake, akaingia nyuma ya pazia kujidunga. Ndipo Anouar naye akatokea.

"Wakala wangu amekufa. Nipe hiyo tokeni mpya."

"Apana, kaka," Miza akasema. "Kaa hapa, nakutengenezea ya kwako, na kode yake ije kwa simu yako."

"Ya kwangu. Kumbe mi nimekuwa mutu wa nje."

Akamgeukia baba yake, aliyekuwa amesharudi kwenye kaunta. Na Mzee Khaled, yeye aliyesema "mupe", aliangalia viatu vyake. Nilimchukia dakika ile, nasema wazi. Anouar akachukua funguo zake za gari kwenye kaunta, akaondoka.

Pazia likafunguliwa.

"Si nimesikia sauti ya Anouar?" Bi Tahani akauliza.

"Ego, ni yeye, mama. Alikuwa na haraka."

"Huyo hajawahi kuondoka bila kunipa mkono," akasema, akiteremsha mkono wa nguo yake juu ya alama ya sindano.