Mtaa Usiotakiwa Kufundishwa

Dada yangu alikuwa na ugonjwa wa kutaka vyote viwili. Baada ya miaka minne ya udaktari, wenzake walipoendelea na kazi za wodini, yeye akaomba ruhusa ya mwaka mmoja asomee uzamili wa afya ya jamii, ambao chuo chake kiliruhusu kuusoma katikati, kisha arudi kumalizia. Mwaka mmoja tu. Ukipita bila shahada, basi tena. Mama alishika kichwa. Mimi, fundi cherehani nisiyeambilika, nikambandika jina la Daktari Nusu, naye akalipokea kwa kicheko.

Tulikuwa tunalala chumba kimoja, kitanda chake dirishani, cherehani yangu mlangoni. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, alikaa na chai yake ikipoa, macho yapo lakini mwenyewe hayupo.

"Unaona nini wewe?" nilimuuliza.

"Nyumba zote kwa mpigo," akasema. "Wodini namwona mgonjwa mmoja. Huku naona milango, yote iko wazi, na maji yanatembea kutoka mlango hadi mlango."

Nikamwambia anywe chai kwanza, maji yatatembea baadaye. Lakini nakiri nilimwonea wivu. Ndoto zangu mimi zilikuwa za zipu na vifungo.

Utafiti wake hata mimi niliuelewa. Mitaa miwili, watoto wanaoharisha. Mtaa wa juu, akina mama wafundishwe kufunika mapipa ya maji na kuchota kwa kata yenye mkono mrefu. Mtaa wa chini asiseme kitu kwa miezi sita: ahesabu tu, anayeumwa ampeleke zahanati, na mafunzo yao yaje mwishoni. Kisha alinganishe.

Sasa mwambie mtu aliyefunzwa kutibu akae kimya! Kila Jumanne alishuka mtaa wa chini na madodoso yake kwapani, akitembea polepole, akiitikia salamu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Mwezi wa pili akaona mtoto kazamisha mkono mzima ndani ya pipa. Ulimi ukateleza.

"Mama, litafutie kifuniko hilo, na uchote kwa kata ndefu."

Ni hayo tu. Yule mama akamwambia jirani, jirani akamwambia shoga yake, na kufika mwezi wa tano mapipa yote ya mtaa yalikuwa yamefunikwa: kwa sinia kuukuu, kwa ubao, moja hata kwa mlango wa kabati.

Hesabu zilipokuja, mitaa miwili ilikuwa imefanana. Kwenye karatasi, mafunzo hayakusaidia chochote.

"Peleka hivyo hivyo, nani atajua?" nilimwambia, na sijivunii.

"Itaandikwa kwamba kifuniko hakina maana," akasema, "na kuna mtu mahali ataamini."

Akaenda kwa msimamizi wake, akasema yote. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akamshukuru kwa kusema kweli, kisha akamwambia utafiti hauwezi kupita. Mwaka ulikuwa umeisha. Jumatatu arudi wodini, mikono mitupu.

Jumamosi nilimsindikiza mtaa wa chini kuaga. Jua lilikuwa la upole, watoto wakikimbizana katikati ya mapipa, na mimi niliwachukia kidogo kwa afya yao. Akina mama wakakusanyika. Dada akawaeleza bila kuficha kwamba kosa ni lake, kwamba walitakiwa wabaki walivyokuwa ili apate cha kulinganisha, na sasa shahada imeota mbawa.

Yule mama wa kwanza, mwanawe kalala mgongoni, akamshika dada mkono.

"Tusamehe, mwanangu," akasema. "Ungetuambia mapema, tungevumilia kuugua kidogo."

Dada yangu akakaa pale pale chini, akalia mbele ya watu wote. Nami nikakaa naye.