Mshona Magunia Anahama

Kazini wanamwita Sindano, na si kwa wembamba, maana wembamba wenyewe hana. Anashona midomo ya magunia kwenye ghala la nafaka. Tangu kabla hajaolewa anakaa pale mlangoni juu ya debe lililopinduliwa, sindano yake nene imepinda ncha kama mdomo wa ndege. Anavuta uzi wa katani, anakaza, kisha anafunga fundo lake mwenyewe, ambalo wapakiaji wamelihangaikia kwa kucha na kwa meno mpaka wakaamua kulikata gunia.

Basi mumewe, fundi bomba, alipopata kazi katika mji wa mbali, safari ya kutwa kucha kwa lori, majirani walimpa Sindano pole ya kufunga mizigo. Yeye akacheka. "Kufunga? Si ndiyo kazi yangu?"

Siku ya kuhama alimfukuzia mume uani asimkanyagie vitu, akaanza. Sahani zikavishwa sweta. Sufuria zikamezana, ndogo ndani ya kubwa. Mito ikakumbatia kioo. Kila gunia likijaa alilipiga kofi la mgongoni kama mtoto aliyeshiba, akalishona mdomo, akalisukuma ukutani. Asubuhi yote haikusikika ila sauti ya uzi ukipita, na sauti yake mwenyewe akimuuliza mume kupitia dirishani: "Kigoda kilichovunjika mguu kiende, kisiende?" Birika lisilo kifuniko nalo likapata shauri lake, na likatetewa kwa maneno makali. Jua lilipofika utosini sebule ilikuwa ghala: magunia yamesimama safu, manene, kimya, yanafanana kama mayai.

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Ghalani hakuna aliyewahi kumuuliza gunia lina nini. Lina mahindi. La kesho nalo litakuwa na mahindi. Kwa hiyo Sindano hakuweka alama hata moja.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka kwenye kiti pekee kilichobaki, "miwani yangu iko wapi?"

Mama mkwe aliishi nao tangu alipofiwa. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Sindano akayatazama magunia. Magunia yakamtazama.

"Imo humo, Mama."

"Humo wapi?"

"Humo... ndani."

Akafumua la kwanza, akakuta viatu. La pili, pazia na pasi. Miwani ilikutwa kwenye gunia la mwisho, ndani ya kikombe, ndani ya soksi. Akashona upya, jasho likimtiririka. Hajakata uzi, akasikia: "Na dawa yangu ya magoti?"

Katika kulisukasuka gunia la dawa, redio iliyokuwa humo na betri zake ikazinduka. "Ifuatayo ni taarifa ya habari," gunia likasema kwa adabu.

Fundi bomba akaingia mbio. "Mke wangu, umemshona nani humo?"

"Aliyekuwa anauliza maswali."

Nje lori likafika, likapiga honi. "Jamani, twendeni!" dereva akapaza sauti. "Jua halinisubiri mimi!"

"Mswaki wangu," akasema mama mkwe.

"Mama," mwanawe akasema, "hayo meno yenyewe..."

"Yaliyobaki ndiyo yanayotaka heshima."

Sindano akafumua tena, mswaki ukapatikana. Kisha kikatakiwa kitana. Alikuwa ameinama juu ya fundo, vidole vinawaka moto, alipoinua macho akakiona kitana. Kilichungulia kwenye upindo wa kanga ya mama mkwe, na mkono wa mama ulikuwa umekifunika nusu, kama mtu anayeficha kidonda.

Sindano akakaa juu ya gunia, uzi mkononi. Akakumbuka jioni ile mume aliporudi na habari ya kazi. "Mama, tunahama," alisema, na mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuwa nje kunanyesha. Kigoda kimeulizwa. Birika limeulizwa.

"Mama," akasema, "hivi wewe unataka kwenda?"

"Ndiyo unaniuliza leo? Lori liko mlangoni?"

"Ndiyo leo. Nimechelewa, nisamehe."

"Na nikisema sitaki?"

Fundi bomba akatazama dari, kana kwamba ameona linavuja.

"Nitayafumua yote," Sindano akasema. "Mwanao atatangulia kazini. Mimi na wewe tutabaki mpaka uwe tayari."

"Hee!" mume akaruka. "Na mimi mbona siulizwi?"

"Umeona inavyouma?" mama yake akamwambia.

Honi ikalia tena, ndefu.

"Mwambieni huyo anyamaze, mtu anafikiri." Mama akafikiri kweli, hakuharakishwa na yeyote. Halafu sauti yake ikashuka. "Hapa nikikohoa usiku, jirani ananiitikia. Huko nitamkoholea nani?"

"Nyumba zimeshikana, Mama," mwanawe akasema. "Kati yetu na wenzetu ni ukuta mmoja."

"Mnene?"

"Kama karatasi. Ukipiga chafya watakuitikia 'Afya!' kabla hujafuta pua."

Mama mkwe akakitoa kitana bila aibu, akachana nywele za mbele zilizochomoza chini ya kitambaa. "Basi nitakwenda. Lakini nakaa mbele, dirishani. Siendi kama mzigo."

Mbele palitosha watu watatu. Dereva alishika usukani, Sindano akabanwa katikati, mama mkwe akatamalaki dirishani na kiwiko chake nje. Fundi bomba alipanda nyuma na magunia, akinung'unika mpaka injini ilipomfunika sauti.

Walipofika kwenye njia panda Sindano akamgusa dereva bega. "Muulize mama."

"Nimuulize nini? Njia naijua."

"Muulize."

Dereva akahema. "Mama, tushike wapi?"

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kupita mbali zaidi ya soko, akatazama huku, akatazama kule, akavaa miwani, akatazama tena.

"Kulia," akasema.

Njia ilikuwa kushoto. Dereva akafungua mdomo, Sindano akamfinya mkono, na lori likakata kulia.