Namba Moja Iko Katikati

Saa moja na robo asubuhi, Izia, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Fundi Bertilla Nswima anaandika namba kwa chaki juu ya injini. Bolti ni kumi, zimesimama katika safu mbili za tano tano. Namba moja haiko mwanzoni mwa safu. Iko katikati.

"Hizo namba umezimwaga kama mbegu za ulezi," anasema Zephania Simwinga, mwendesha mashine mwenye umri wa miaka 63.

"Shikamoo kwanza, baba," anajibu Bertilla bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Lakini umezimwaga."

Injini hiyo ilitolewa kwenye lori la zamani. Sasa inazungusha mashine ya kusaga nafaka ya kikundi cha akina mama wa hapa. Tangu mavuno, gasketi ya hedi, kizibo kilicho chini ya kifuniko cha juu cha injini, imeungua mara tatu. Kila ikiungua, maji huvuja ndani ya injini, nguvu hukatika na wateja hubeba mahindi yao hadi Milanzi.

Stefania Kapele, mwenyekiti wa kikundi, ameshazungumza na fundi mwingine aliyeko Tunduma. Injini ikishindwa tena leo, fundi huyo atapanda basi la mchana.

"Simchukii Bertilla, ni mdogo wangu huyu," anasema Stefania. "Ila wanachama hawali pole."

Kikundi kina mashine nne. Kuzitunza humpa Bertilla shilingi 200,000 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya kipato chake. "Nikizikosa, narudi kuziba pancha za pikipiki," anasema.

Ana miaka 41. Aliishia darasa la saba, akajifunza ufundi kwa mjomba wake huko Malangali. Kitabu cha injini alichorithi kwa mjomba kimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka kadhaa maneno manne yalimkwamisha: seti, roo, sikwensi na siriizi.

"Yote nilikuwa nayaita mpangilio," anasema. "Nikajiuliza, hawa Wazungu walikosa kazi? Jambo moja majina manne?"

Aliyemfungulia njia ni mteja wake, Hellena Malema, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyekuja kutengenezewa pampu. Bertilla alitandika gunia, akamwaga juu yake vitu vya kazi. Mwalimu alivigawa kimoja kimoja.

Spana ni seti. Ikikosekana moja, seti imepungua. Ukizichanganya sakafuni, bado ni seti. Bolti zilizosimama kwenye mstari mmoja ni roo, yaani safu, kwa sababu roo ni habari ya mahali kitu kilipo. Sikwensi ni habari ya zamu: kipi kwanza, kipi baadaye. Betri mbili zilizoungwa mkia kwa kichwa ziko katika siriizi, na waya wa kati ukikatika, zote mbili hazina kazi.

"Nilimwambia ajaribu kubadilisha vitu viwili nafasi," anasema Hellena. "Kisipoharibika kitu, hiyo ni seti. Kikiharibika, huenda ni sikwensi. Si kanuni ya kamusi, ila inasaidia."

Bertilla aliijaribu kanuni hiyo kwenye injini. Silinda nne zimesimama kwa safu: moja, mbili, tatu, nne. Lakini huwaka moja, tatu, nne, mbili. Anayeunganisha mabomba ya mafuta kwa kufuata safu, injini yake haiwaki.

Alichokuwa hajakijua ni kwa nini gasketi ya Izia inaungua. Alikuwa akiikaza kama kitabu kinavyosema, na ilikuwa ikiungua vilevile. Juma lililopita alimwomba Zephania amwonyeshe kila anachofanya kabla ya kuwasha.

Mzee alichukua spana, akaanzia bolti ya upande wa mlangoni, akaongeza kuikaza kila moja hadi mwisho wa safu. Kisha akarudi na safu ya pili.

"Silegezi. Naongezea tu," anaeleza Zephania. "Ndivyo tunavyopanga ntumba. Unaanzia chini ya shamba, unamaliza mstari, ndipo unapanda."

Ntumba ni matuta ya mviringo ambayo Wafipa hujenga kwa kufunika majani kwa udongo ili yaoze yawe mbolea. Shambani, kumaliza mstari kabla ya kuanza mwingine hakudhuru. Kwenye hedi, ukikandamiza ncha moja kwanza, chuma hujipinda na moto hupata upenyo. Kukaza huanzia katikati kwenda nje, kama mtu anayenyoosha shuka kwa kiganja.

Hedi imeshasawazishwa kwa mchonga vyuma mjini. Gasketi ni mpya. Bertilla anampa Zephania spana.

"Mimi tena?"

"Wewe, baba. Mimi nitaondoka, wewe utabaki nayo."

Mzee anakaza namba moja, kisha mkono wake unateleza kwenda bolti ya jirani.

"Baba, huko unaenda kulima!"

Akina mama wanacheka. Zephania naye anacheka, anarudi kuitafuta namba mbili. "Mkono una kichwa chake," anasema. Anazunguka zote kumi kwa nguvu ndogo, anarudia, kisha anazunguka mara ya mwisho kwa spana ya kupimia nguvu.

Bertilla anataka kuwafundisha waendesha mashine wengine wa manispaa jambo hilohilo. Ameomba chumba katika ofisi ya kata, hajajibiwa.

Injini inawaka. Bertilla anafungua kifuniko cha rejeta na kuangalia maji, akitafuta mapovu, dalili ya gasketi inayovuja. Hakuna. Stefania anamimina debe la kwanza la mahindi, la pili, la tano. Injini inapokwisha kupata moto kamili, Bertilla anaangalia tena. Maji yametulia.

Stefania anatoka nje, anampigia simu fundi wa Tunduma na kumwambia asikate tiketi.