Kijana Aliyeniita Mwanangu Hekaluni

Wako watakaosema mzee amezeeka, anachanganya ndoto na mchana. Waseme. Jua lilikuwa utosini, na mbege, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa sijaionja mwezi mzima kwa sababu Madras hawaijui. Mke wangu, Mama Aikande, yu hai, yuko hapo jikoni anamenya ndizi, na nikiongeza chumvi atanikatiza mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili. Mtu wa darasa la pili anatunga nini? Ninaandika nilichokiona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa Moshi mjini na kahawa haina bei tena. Wengine kwetu Kirua Vunjo walianza kung'oa mibuni wakapanda nyanya. Mimi sikung'oa, lakini hiyo ni habari nyingine. Mama Aikande alikuwa na moyo mbovu. Akitoka mtoni na ndoo, anapumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Madaktari wakasema kuna mlango ndani ya moyo haufungi, dawa yake ni kupasuliwa, na wa kupasua yuko India. Kanisa likatuchangia, tukaenda.

Madras ni mji mkubwa kusini mwa India. Joto lake, jamani! Mimi nimezaliwa kwenye ukungu, nikajiona kama nyama ndani ya chungu. Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyewahi kukaa Dar es Salaam na mumewe mwenye duka. Alijua Kiswahili cha dukani, tukashukuru.

Basi siku tatu kabla ya kupasuliwa, mke wangu akagoma. Hakulia, hakupiga kelele. Alikunja karatasi ya kuweka sahihi akaiweka chini ya mto.

"Hawa watu wanachoma maiti," akaniambia. "Nikifia hapa, nitachomwa. Mimi nataka kulala kihambani, chini ya migomba yangu."

Nikamwambia hospitali imeahidi kumrudisha kwa ndege, hata akiwa maiti. Mwenye nyumba naye akaapa, "Mama hapana chomwa! Ndege napeleka!" Mke wangu hakutusikia. Unajua sisi Wachagga. Mtu wetu akifia Mwanza, akifia Lubumbashi, tutamrudisha mlimani hata kwa kuuza ng'ombe. Kulala nje ya kihamba, shamba la ukoo, ni kupotea. Sasa utamkemea vipi mtu anayeogopa kupotea? Na daktari alikuwa ameshaniita pembeni, akaniambia bila kupasuliwa hamalizi mwaka.

Nikawa nakaa kwenye kiti nje ya chumba, natazama ukuta. Mwenye nyumba akanichoka.

"Babu, wewe nakaa hapa kama kuku nalalia yai. Enda ona hekalu! Watu natoka mbali kuja ona, wewe iko hapa, naona ukuta tu."

"Mimi mzee wa kanisa, mama. Mchungaji akisikia?"

"Mchungaji yako iko Moshi. Yeye iko na macho refu?"

Mama Aikande akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akaniambia niende, nikirudi nimsimulie.

Siku ya kwanza nilikwenda kule wanakoita Triplicane, kwa kile kigari cha matairi matatu ambacho siku hizi mnakiita bajaji. Wakati ule kwetu hazijafika, nikadhani tutapinduka kila kona. Hekalu la huko ni la zamani sana, linanuka maua na mafuta ya taa zao. Ndovu mmoja aliyepakwa rangi usoni aliniwekea mkonga kichwani, nikasema bwana, huyu mnyama kwetu tunamfukuza shambani, hapa anabariki watu! Jioni nilimsimulia mke wangu. Akatikisa kichwa. Karatasi ilibaki chini ya mto.

Siku ya pili nikaenda Mylapore. Huko ndiko kwenye hekalu lenye sifa kubwa zaidi. Juu ya lango kuna mnara mrefu, umejaa sanamu za rangi zilizobebana kama watu wa soko la Himo siku ya mnada. Viatu unaviacha nje. Wageni wa dini nyingine hawaruhusiwi kuingia chumba cha ndani, unaishia uani, na mimi uani palinitosha. Lakini kilichonishika moyo kilikuwa langoni. Walikuwa na sikukuu yao, wakafunga migomba miwili mizima huku na huku, na mikungu yake inaning'inia. Nikasimama pale kama mjinga. Mbali namna ile, nakuta watu wanaoheshimu mgomba!

Karibu na saa sita, muda wao wa kufunga, watu wakapungua. Nikarudi pale langoni kutafuta viatu. Chini ya mgomba wa kushoto alikaa kijana mweusi kama mimi, kaptula ya kaki, miguu imezungushwa vitambaa hadi magotini, bila viatu. Umri wake kama miaka ishirini na nne hivi. Akanitazama akanisalimu, "Shimboni, mwanangu."

Kichagga! Na siyo Kichagga cha Machame wala cha Rombo, ni cha kwetu kabisa, kile cha wazee. Nikafurahi, halafu nikakasirika. Kijana gani huyu haniamkii?

"Wewe mtoto, shikamoo yako iko wapi?"

Akacheka. "Nikuamkie wewe? Nilikubeba mgongoni ukanikojolea."

Akamtaja baba yangu kwa jina la utani ambalo hata mke wangu halijui. Akauliza zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, bado ni Jumatano? Yule ng'ombe mwekundu alizaa? Nilijibu kama mtu aliyelishwa dawa. Zamu ilihamishwa. Ng'ombe alikufa nikiwa mdogo.

Niamini, sikuogopa. Miguu ilikuwa baridi tu, na huko Madras hakuna kitu baridi. Baba yangu alikuwa na mdogo wake, Ndekirwa, aliyechukuliwa jeshini wakati wa vita ya Hitla, akapelekwa Burma. Hakurudi, wala barua. Bibi alipochoka kungoja, wakakata shina la mgomba, wakalifunga blanketi, wakalizika mahali pake.

"Baba mdogo," nikasema, "mbona sisi tulikuzika?"

"Mlizika nini?"

"Mgomba."

"Mgomba gani? Usiniambie mlizika mshare. Mshare ni ndizi ya supu, ni wa mtori!"

Nikaapa haukuwa mshare. Akatulia. Akaniambia walitoka Burma na homa, wakateremshwa hapa wagonjwa, yeye akaishia hapa. "Nakaa langoni kwa sababu wakati mwingine wanafunga migomba. Kuondoka siwezi. Hakuna aliyekuja kuniita."

Hapo nikaelewa. Kwa ukoo wetu, mtu akifia mbali, ndugu huenda pale, huokota jiwe, humwita kwa jina, na njiani haachi kumwambia: sasa tunavuka mto, sasa tunapinda kulia. Ukinyamaza kwenye njia panda, anabaki. Nikainama nikaokota jiwe chini ya ule mgomba. Nilipoinuka, alikuwepo mtunza viatu tu, ananionyesha kwa kidole viatu vyangu.

Nilimweleza mke wangu kila kitu. Nilitegemea aniulize kama nimepigwa na jua. Aliuliza, "Amekonda?"

"Hapana. Ni kijana kuliko Aikande wetu."

Akasukuma kikombe cha chai pembeni. "Miaka yote hiyo yuko peke yake, na bado anauliza maji. Basi mimi naogopa nini? Nikibaki, yupo wa kunipokea. Na wewe unajua kuita." Akachomoa karatasi chini ya mto, akaweka dole gumba.

Alipasuliwa. Akapona. Mungu asifiwe.

Siku ya kurudi, nilianza kuita tangu langoni kwa hekalu. "Baba mdogo, twende. Tunavuka daraja. Tunapanda ndege, usiogope." Abiria wakaniangalia, nikawaacha. Tukatua Bombay kubadilisha ndege. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipokosea. Kiti cha magurudumu cha mke wangu kilikuwa kimepelekwa mlango mwingine, askari anataka cheti cha daktari, cheti kiko kwenye mfuko uliokwisha kupakiwa. Nilikimbia huku, nikakimbia kule. Tulipokaa kwenye ndege ya pili nilikuwa nimelowa jasho.

Tuko juu ya bahari, Mama Aikande akanigeukia. "Umemwita pale?"

Nikapapasa jiwe mfukoni.

"Ndekirwa wa watu! Umemtoa kwenye migomba, ukamwacha uwanja wa ndege!"

Jiwe nimelizika kihambani, lakini nikikaa karibu nalo naona ni jiwe tu. Miaka miwili baadaye binti mmoja wa Kilema alikwenda India kwa figo. Aliporudi akasimulia kwamba alipotea Bombay, analia, kijana mmoja mwenye kaptula ya kaki akamwonyesha mlango, akamsemesha Kichagga. Sikuwa nimemwambia yule binti neno. Wala mimi na mke wangu hatukuwa tumemwambia mtu yeyote habari ya Bombay, kwa aibu.

Kwa hiyo nakuonya. Usimwahidi marehemu safari kama huwezi kuishika hadi mwisho. Afadhali umwache alipozoea. Mimi sasa magoti hayapandi ndege, na wajukuu nikiwatuma wanacheka.

Mama Aikande hacheki. Yule aliyekataa kufia ugenini ameshawaagiza watoto, tena mbele ya mchungaji. "Nikifa, msiharakishe kunizika. Mniwekee siku mbili tatu. Nina mtu wa kumpitia Bombay."

Mchungaji alikohoa, akaomba chai.